Keziya Mwalusamba na Tuta la Tatu la Maua

Marehemu Keziya Abrahamu Mwalusamba alizaliwa tarehe 27 Mei 1961 huko Mwaya, wilayani Kyela, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Abrahamu Mwalusamba, mzee wa kanisa, na Mama Tukuswiga. Siku hiyo mama yake alikuwa shambani akifukuza ndege kwenye mpunga. Uchungu ulipombana aliacha kufukuza, na wakubwa wa ukoo wanasema ndege wa msimu ule walikula mpaka wakashindwa kuruka. Mzee Abrahamu alipoambiwa amepata binti aliuliza kwanza habari za mpunga. Tumsamehe. Hata angezaliwa wa kiume angeuliza hivyohivyo.

Alianza shule ya msingi kijijini kwao mwaka 1969 na kumaliza darasa la saba mwaka 1975. Shule ile ilikuwa na bustani ya maua mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, imezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, ikisubiri wageni ambao kwa miaka yote hiyo hawakutokea. Aliyechelewa namba ya asubuhi alipewa adhabu ya kuipalilia. Keziya alichelewa. Alichelewa Jumatatu, akachelewa Jumanne, akachelewa mpaka mwalimu wa zamu akaanza kumwonea huruma, akidhani nyumbani kuna matatizo.

"Keziya, kwenu hakuna wa kukuamsha?"

"Naamka mapema, mwalimu."

"Kisha?"

"Nakaa pale kwenye mkorosho, nasubiri kengele ilie."

Tangu siku hiyo wachelewaji wakawa wanachapwa, na wanaowahi hawakuruhusiwa kugusa ua. Keziya akawa mtoto anayewahi kuliko wote na mwenye huzuni kuliko wote. Alipomaliza la saba hakuchaguliwa kwenda sekondari. Nafasi zilikuwa chache, na aliyezigawa hakuwahi kumwona akipanda kitu.

Jumamosi tarehe 18 Septemba 1982 alifunga ndoa kanisani Mwaya na marehemu Lazaro Mwakatundu, wakakaa nyumbani kwa wazazi wa mume. Kwa mila yetu mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Akitokea mmoja, mwingine anapotea: nyuma ya mgomba, chooni, popote panapomtosha. Vijana mnaocheka hapo nyuma, bibi zenu walijificha hivyo miaka na miaka wakiwa na ndoo ya maji kichwani. Sasa, kwa akina Mwakatundu jiko lilikuwa huku, kisima kule, na katikati kiti cha baba mkwe, ambaye hakuwa na safari. Bibi harusi alikuwa akichota maji kwa kuzunguka shamba zima la migomba. Mwaka ule ule akapanda mistari miwili ya haibiskasi na krotoni, ikapinda kutoka jikoni mpaka kisimani, mirefu upande wa mzee na mifupi upande wake ili aone anapokanyaga. Ilikuwa bustani yake ya kwanza na ilichorwa na woga. Ilipochanua, baba mkwe alimtuma mkewe na ujumbe: "Mwambieni mkamwana, siku hizi najificha hata kama hayupo." Marehemu alipenda kusimulia habari hiyo, na kila alipoisimulia aliinamisha kichwa kwa adabu, ingawa mzee mwenyewe alishafariki tangu 1994.

Mwaka 1996 familia, pamoja na watoto wawili, Prisca na Gwamaka, ilihamia hapa Bondeni, mjini Kyela. Marehemu aliuza mchele sokoni, na alishikilia mpaka mwisho kwamba mchele wa Kyela unaouzwa nchi hii ni mwingi kuliko mpunga wote uliowahi kuota Kyela. Kuanzia 2003 hadi 2013 alifanya kazi ya usafi kwenye nyumba moja ya kulala wageni, na kwa kuwa wageni walikuwa wachache kuliko ufagio wake, alikabidhiwa na bustani. Huko ndiko alikojifunza kupanga. Alisema tuta la maua ni kama picha ya harusi: warefu wasimame nyuma, wafupi wachuchumae mbele, na mwenye nguo inayowaka sana asikae peke yake, wenzake wamshike pande zote. Alijua kanna hupenda maji na waridi huchukia miguu mibichi. Alijua pia kwamba ua likiachiwa nafasi ndogo litapigania mwanga mpaka lishindwe kuchanua.

Julai 2014, kiangazi, aliamua kupanga bustani yake mwenyewe mbele ya nyumba hii. Alichukua kamba na vigingi, akapima kwa macho kutoka barazani, akiinama, akirudi nyuma, akiinama tena. Bondeni maji hayaombi ruhusa, kwa hiyo aliyainua matuta mpaka usawa wa goti kwa udongo, samadi na pumba za mpunga, kisha akayazungushia matofali ya kuchoma ili yasimomonyoke. Yalikuwa matuta matatu, kila moja na urefu wa kitanda. Aliyalaza mashariki kwa magharibi ili jua lipite juu ya kila mche tangu asubuhi hadi jioni. Alipanda kanna nyuma, dalia katikati, zinia mbele. Jioni alikaa barazani na mumewe wakayatazama. Alikuwa na furaha ambayo waliomjua wanasema hawakuiona tena.

Ndugu waombolezaji, fikirini wenyewe. Hapa kwetu tuta lililoinuliwa, lenye urefu wa mtu, limezungushiwa matofali, limelala mashariki kwa magharibi na lina maua juu yake, linaitwaje? Mchoraji peke yake ndiye hakuwa ameona.

Asubuhi ya kesho yake jirani yetu Mama Godwin alipita kwenda sokoni, akayaona, akatupa kikapu. Aliingia uani akilia kwa sauti ambayo iliwatoa watu nje mpaka barabarani.

"Mama Prisca! Mama Prisca jamani! Watatu kwa mpigo! Ni nani? Ni baba Prisca?"

"Baba Prisca yuko chooni."

"Sasa ni nani?"

"Ni dalia, mama Godwin. Na kanna."

"Dalia ndiye nani? Yule ndugu yenu wa Karonga?"

Kabla mambo hayajaeleweka wanawake walishaanza kuingia na mchele kichwani, kanga zimefungwa kiunoni, na wanaume wamekaa kwenye benchi upande wao wakiwa kimya kama inavyotakiwa. Lazaro alipotoka chooni mama mmoja alizimia. Na mnavyojua, watu wa Kyela wakishafika msibani hawaondoki hawajala, kuwe na maiti kusiwe na maiti. Ilibidi kupikwa. Watu wakala, wakatoa pole, wakasema ndaga fijo, asanteni sana, wakaenda. Mpaka alipokufa Lazaro alikuwa akiwapokea wageni kwa maneno yale yale: "Karibuni, karibuni. Mimi ndiye marehemu." Mkewe alimkataza. Hakukoma, na utani huo ndio uliokuja kumtafuna mkewe.

Lazaro Mwakatundu alifariki tarehe 11 Novemba 2016 kwa kiharusi, akiwa barazani, ameyaelekea maua. Alizikwa nyuma ya nyumba. Siku ya kuondoa matanga alisimama mdogo wake, Mzee Hezroni Mwakatundu, msemaji wa ukoo na mnunuzi wa kakao, mtu mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Mzee Hezroni yupo hapa, na ametuambia tuseme kama ilivyokuwa.

"Shemeji," alisema, "sisi hatusemi kitu. Tunauliza tu. Matuta yako ni mangapi?"

"Matatu."

"Na aliyekwenda ni mmoja."

"Shemeji, unasema nini?"

"Nimekwambia hatusemi kitu."

Basi hawakusema kitu. Walikaa bila kusema kitu sokoni, kanisani, kwenye vikoba na kwenye foleni ya mashine ya kukoboa. Ikawa akifika Mama Prisca wanawake wanasogeza mikeka, kidogo tu, kama mtu anayempisha mwenzake apite. Marehemu aliendelea kupalilia. Alisema watachoka.

Tarehe 2 Juni 2019 mwanawe Gwamaka alifariki kwa ajali ya bodaboda kwenye barabara ya Tukuyu, akiwa na miaka thelathini na mmoja. Alizikwa nyuma ya nyumba, kulia kwa baba yake. Watu wakarudia hesabu na haikuhitaji darasa la saba. Matuta matatu, waliokwenda wawili, na katika nyumba ile mtoto aliyebaki alikuwa mmoja: Prisca.

Kutoka hapo Keziya Mwalusamba hakuwa na siku ya kupumzika. Wakaja wanamaombi, watu wema, wakakemea tuta la tatu tangu asubuhi hadi adhuhuri, wakalimwagia mafuta, kisha chumvi ya upako kilo kwa kilo. Pepo hakuonekana akitoka. Dalia zilionekana: zilinyauka zote kwa wiki moja, kwa sababu chumvi haibagui, na wale wema wakasema mnaona, kulikuwa na kitu humo.

Wengi mmekuwa mkiuliza kwa nini hakulisawazisha tu, akapanda mchicha, akaishi kwa amani. Mama Godwin, ambaye tangu ule msiba wa dalia alikuwa rafiki yake pekee, alimuuliza hivyo mbele ya Prisca.

"Nikilisawazisha nimekiri," alijibu. "Watasema amefukia ushahidi. Watasema, kumbe alijua."

"Sasa utafanyaje, mwenzangu?"

"Nitalibadilisha umbo. Mtu hazikwi kwenye umbo lisilo la mtu."

Akaling'oa, akatoa udongo wenye chumvi, akaleta mwingine, akalijenga upya kwa umbo la nyota. Lilipendeza kweli, zinia nyekundu kwenye kila ncha na asumini katikati. Kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulishasema ni frimasoni. Akalivunja. Akalifanya mviringo, wakasema ni kisima cha kumwita Gwamaka. Akalipindapinda kama mto. Hilo halihitaji kuelezwa, nyoka anajulikana. Kila mara alikuwa akipanga upya nani asimame nyuma na nani mbele, rangi gani ishikane na ipi, na kila mara aliyatazama kutoka barazani, akiinama, akirudi nyuma. Ila sasa hakuwa anatafuta uzuri. Alikuwa akitafuta pembe moja tu, mahali pamoja tu pa kusimama, ambapo mtu akilitazama tuta lile hataona kaburi. Alisimama barabarani akatazama kama mpita njia. Alipanda bajaji akashuka, akapanda nyingine akarudi, ili aone linavyoonekana kwa mtu anayepita kwa kasi. Mchana mmoja alimshika Mama Godwin mkono, akauliza kwa sauti ndogo, "Hivi, na kama ni kweli?" Mama Godwin anasema aliinama akaendelea kupalilia, na jambo hilo linamchoma mpaka leo.

Ndipo alipokuja na wazo la kulifupisha. Prisca ni mrefu, kamfuata baba yake. Marehemu alilirudisha tuta kwenye mstari wa kawaida, kisha akatoa matofali upande wa miguuni, akaona bado, akatoa mengine. Prisca alipokuja kumsalimia alimkuta anamtazama kuanzia utosini hadi kwenye visigino, kisha anatazama tuta, kisha anamtazama tena, kama fundi cherehani aliyesahau futi. Prisca ni fundi cherehani, alielewa.

"Mama, unanipima?"

"Hapana, mwanangu. Nahakikisha huenei."

Akapanda petunia tu, kwa kuwa hapakuwa tena na nafasi ya warefu. Alilala vizuri kwa muda.

Machi 2021 Prisca, ambaye alikuwa ameolewa na Jackson, alikuja kumwambia mama yake kwamba ana mimba. Walikuwa wamesimama hapo mlangoni. Marehemu alishangilia, akapiga vigelegele, akamshukuru Kyala, Mungu wetu, akageuka kuelekea bustani aite Mama Godwin, akaliona tuta. Lilikuwa limefupishwa mpaka urefu wa mtoto.

Hatuna haja ya kueleza kilio kile, waliokuwepo walikisikia. Hakusubiri jembe. Alichimba kwa mikono, akang'oa matofali yale, Prisca akimvuta kanga, Jackson akimsihi, "Mama, mama, tutakusaidia kesho," naye akisema kesho ni mbali. Akaanza kulirefusha. Akapita urefu wa Prisca, akapita urefu wa mtu yeyote aliyewahi kuishi wilaya hii, akaishiwa matofali akaendelea na mawe, akaishiwa mawe akaendelea na chupa zilizochomekwa kichwa chini. Wiki zilizofuata aliendelea hadi tuta likatoka barazani, likapita kwenye geti, likakaribia barabara, refu kuliko basi la Mbeya. "Haya," alisema. "Waniletee maiti yenye urefu huo."

Lile ndilo mnaloliona. Wataalamu wa maua, kama wapo hapa, watakubali kwamba ni kazi kubwa: kanna mgongoni mwanzo hadi mwisho, dalia zikishuka rangi kutoka nyekundu ya damu kuja waridi kuja nyeupe, zinia ukingoni, na maganda ya kakao yametandazwa chini kuzuia magugu. Hakuna nyumba ya kulala wageni yenye kitu kama kile kutoka hapa hadi mpakani. Mtoto Asifiwe alizaliwa salama tarehe 8 Oktoba 2021, kilo tatu na nusu, na sauti ya Mzee Hezroni. Na waendesha bodaboda wa mji huu, Mungu awabariki, wakapata alama ya kushushia abiria. Wanaita "kwa kaburi refu."

Agosti 2023 marehemu alianza kuumwa tumbo na kukonda. Alitibiwa hapa Kyela, kisha akapelekwa Mbeya, ambako iligundulika kuwa ni saratani ya ini iliyokwisha kusambaa. Alirudishwa nyumbani mwezi Desemba. Prisca alihamia hapa na mtoto kumuuguza, jambo ambalo ukoo ulilipinga, kwa hofu ya lile tuta. Mgonjwa naye alilipinga, kwa hofu ileile. Alilala kwenye godoro barazani, mgongo kwa maua, hakutaka kuyaona. Akina mama wa kanisa walidhani ni maumivu. Jumapili ya Pasaka, wengine wakiwa ibadani, alimwita Prisca akae karibu.

"Nikifa mnizike nyuma. Na baba yako."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema. Nyuma, hata kama ni kwenye tope. Wasinitie kwenye maua."

"Nani atakutia kwenye maua, mama?"

"Baba yako mdogo atataka. Prisca, sikiliza. Nikilala mle, nitakuwa nimewaua mimi. Baba yako na kaka yako. Itakuwa ndiyo kazi niliyokuwa naifanya miaka yote hii." Akapumzika kidogo. "Nilikuwa napanda maua tu."

Alifariki Jumanne tarehe 23 Aprili 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Juzi hiyo hiyo mvua ilianza tena, na mnajua wenyewe mlivyofika hapa, viatu mkononi. Jana asubuhi vijana walichimba nyuma ya nyumba, kushoto kwa Lazaro. Walipofika kiunoni maji yakatokea chini, yakapanda mpaka magotini kwao. Wakahama wakachimba sehemu ya juu kidogo. Maji yakawafuata. Jioni ukoo ulikaa chini ya turubai hili. Pakavu katika kiwanja chote palikuwa pamoja tu, palipoinuliwa, na hakuna aliyetaka kupataja, mpaka akapataja Mzee Hezroni.

"Naongea kwa uchungu," alisema. "Shemeji yangu hawezi kuogelea. Tuta limeinuka, limekauka, lipo. Na tukimlaza pale, wanangu, hesabu imefungwa. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Prisca anabaki na mtoto wake, hakuna kitakachomtafuta tena. Si ndivyo?"

Watu wakaitikia. Wazee wakaitikia, akina mama wakaitikia, Jackson mwenyewe akaitikia, naye ni mumewe na anampenda. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na tuliandike hilo. Walikuwa wanataka mtu mmoja aliye hai asalimike, kwa kumtumia mtu ambaye hakuwa na la kupoteza.

Prisca alikuwa amempakata Asifiwe. Alisimama naye.

"Baba mdogo, naomba niulize. Mama akizikwa mle, mimi ninapona?"

"Unapona, mwanangu."

"Na mama anakuwa nini?"

Wazee wakatazama tope.

"Semeni. Kila siku hamsemi kitu. Leo semeni. Anakuwa nini?"

"Prisca, mama yako amekwisha kufa," alisema mzee. "Wewe unaishi."

"Anakuwa mchawi," alisema Prisca. "Mpaka Asifiwe atakapozeeka, ataambiwa bibi yako alichimba makaburi matatu, akaua wawili, akaingia la tatu mwenyewe. Na asipozikwa mle mtasema mimi ndiye ninayefuata." Mama Godwin alisogea amchukue mtoto. "Basi semeni ni mimi. Mama yangu azikwe nyuma, na hesabu yenu niandikeni mimi. Nikiugua malaria mseme, nikijikwaa mseme. Nimekubali. Lakini mle haingii."

Hatuwezi kusema kwamba ukoo ulikubali. Hakuna aliyepiga makofi, na wapo waliotoka nje wakasonya. Prisca mwenyewe alikaa chini akaomba maji, na hakuweza kuyanywa. Anaogopa. Ametuomba tuseme hivyo, ili asije mtu akadhani alisema yale kwa ujasiri.

Kaburi la marehemu liko nyuma ya nyumba, kushoto kwa mume wake. Tangu alfajiri limekuwa likitekwa maji. Pampu ya kumwagilia mpunga iliyoletwa na vijana wa Mwaya ilifanya kazi mpaka saa tatu, ikakohoa, ikanyamaza. Sasa ni ndoo. Aliyeko ndani ya shimo tangu pampu ilipozimika ni Mzee Hezroni, suruali imekunjwa, hakuombwa na mtu na hajamwambia mtu kwa nini. Tulipomwita aje akae na wazee kusikiliza wasifu, alisema anasikia kutoka kule, tuendelee. Wachimbaji wameomba usomwe taratibu, na tumesoma taratibu. Wale mliopanda juu ya matuta kwa sababu ndipo pakavu, familia inawaomba kwa heshima mshuke, na mkishuka mpitie upande wa ndoo. Mikono inahitajika kuliko mashada.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Prisca, mkwe, Jackson, mjukuu, Asifiwe, shemeji, Hezroni, dada zake wawili walioko Mwaya na ndugu wa Karonga, ambao wamekwama ng'ambo ya mto Songwe na wanasikiliza kwa simu, na jirani yake, Mama Godwin.

Keziya Abrahamu Mwalusamba, mkulima wa maua, apumzike kwa amani. Na wenye ndoo wakijaliwa, apumzike pakavu.